Mama Nyongeza na Mizani ya Serikali

Katika soko la Oyugis, ukitaka kumtukana muuza maharagwe mpaka akose usingizi, usimwambie maharagwe yake yana wadudu. Wadudu ni kazi ya Mungu. Mwambie hana nyongeza. Hapo utakuwa umemgusa yeye, na mamake, na boma alikoolewa, na ujiandae kukimbia.

Nyongeza ni ile konzi moja ya juu. Muuzaji akishapima kilo zako na kuzimimina kwenye mfuko, anarudisha mkono kwenye gunia, anachota, anaongeza. Haipimwi wala haidaiwi risiti. Hakuna mtu wa Oyugis mwenye akili zake timamu aliyewahi kufikiria kwamba nyongeza ina uzito. Kilo ni ya biashara. Nyongeza ni ya moyo, na moyo nani amewahi kuuweka kwenye mizani?

Na kwa mambo ya nyongeza, hakuna aliyemfikia Dorine Adhiambo. Watu walipanda pikipiki kutoka Kosele na Ringa, wakawapita wauzaji chungu nzima wanaowaita kwa majina, ili wakanunue kwake. Mjane mpana, mwenye kitambaa cha manjano kichwani na sauti ya kuongoza kwaya. Akishamimina maharagwe kwenye mfuko wako, alikuwa na sherehe yake. Kwanza anakutazama usoni kama ndiyo kwanza amekutambua. Kisha anacheka. Kisha anauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, utadhani anatafuta pete iliyopotea, anautoa ukiwa umefumba, anauinua juu soko lote lione, na anasema:

"Chukua, nyathina, mwanangu! Hii si ya kilo. Hii inatoka kwangu mimi mwenyewe. Wapelekee watoto, uwaambie nyanya yao aliwasalimia."

Watu wazima walikuwa wakiondoka pale macho yamelowa. Wakamwita Mama Nyongeza, na jina likashika mpaka kanisani. Mchungaji akihubiri juu ya ukarimu, watu waligeuka kumtazama, naye alikuwa akiinamisha kichwa kwa haya, akirekebisha kitambaa chake.

Sasa sogea nikuambie jambo ambalo Oyugis nzima haikulijua. Adhiambo hakuwahi kutoa nyongeza. Hata harage moja.

Alikuwa mkono wa birika, mwanamke yule! Mizani yake ilikuwa ile ya zamani ya kuning'inia, yenye uso wa saa na mshale mwekundu. Ukimwaga maharagwe kwa nguvu kwenye sahani yake, mshale unaruka mbele, unarudi nyuma, unaruka tena, unachukua muda kutulia. Adhiambo hakuwahi kuungoja utulie. Alikuwa akimwaga kilo mbili kasoro konzi, kwa kishindo, na mshale ukiruka tu kupita mbili, yeye ameshaidaka sahani: "Umeona? Imepita hata!" Umeona, naam, kwa macho yako. Halafu ile konzi iliyokosekana ndiyo hiyo hiyo aliyokuja kukuletea kwa sherehe, kwa kicheko na salamu za watoto.

Hakuanza hivyo. Alipofiwa na mumewe na kuanza kuuza, alitoa nyongeza ya kweli kama wenzake, tena kubwa, kwa sababu aliwaonea watu haya. Gunia lililotoka Isebania kwa Bhoke, muuzaji wake wa jumla, likawa linakwisha kabla hajaiona faida. Akakaa akalitazama gunia tupu, akalia, akapangusa uso, akaamua. Kwa miaka mkono wake ukazoea mpaka ukawa na akili yake wenyewe: alichopunguza na alichorudisha vilikuwa sawasawa. Moyoni alijitetea vizuri tu. Mtu amelipia kilo mbili, ameenda nyumbani na kilo mbili, tena amechekewa bure. Nimemwibia nani? Na kwa kweli hakuwa amemwibia mtu.

Jirani yake pale sokoni alikuwa Maranga, mwanamume mwenye uso wa mtu anayeumwa jino tangu utotoni. Maranga alipima kilo, akangoja mshale ukasimama kabisa, akamimina, kisha akakurushia nyongeza kwenye mfuko kama anayemtupia jiwe mbwa wa jirani. Hakusema neno. Hata hakukutazama. Nyongeza yake ilikuwa kubwa, lakini nani ataiona nyongeza iliyorushwa hivyo? Watu walisema Maranga ni mchoyo, na walinunua kwake tu mvua ikiwazuia kufika kwa Adhiambo.

Ndipo Idara ya serikali inayoshughulika na vipimo ikaamka. Ikasema mkebe wa gorogoro, ambao masoko mengine bado yaliupimia, umepitwa na wakati, kila kitu kiuzwe kwa kilo, na kila soko liwekewe mashine langoni ili mwananchi apime mwenyewe alichonunua. Mashine za kisasa kabisa, zenye kioo na namba za kijani. Namba tatu baada ya nukta! Nzi akitua juu yake, mashine inamhesabu.

Aliyepata kazi ya kuiuzia Idara mashine hizo alikuwa Abdikarim wa hadwea, lile duka la misumari na mabati pale ng'ambo ya soko. Babake alifika Oyugis kutoka kaskazini zamani akiuza blanketi, na Abdikarim alizaliwa nyuma ya stendi, akakua anacheza mpira wa makaratasi na watoto wa Kasipul. Dholuo, lugha ya pale, kilimtoka vizuri kuliko wengine waliozaliwa nacho. Mvua ikinyesha, akina mama waliburuta magunia yao mpaka kwenye baraza la duka lake, wakayakalia, wakanywa chai yake ya tangawizi na kumsema vibaya yeye mwenyewe akiwa anasikia. Hakuwahi kumfukuza mtu. Gunia la Adhiambo lilikuwa na pembe yake maalum pale barazani, karibu na mabati.

Mashine zikafika. Moja ikawekwa lango la Oyugis, nyingine Uriri, nyingine Isebania, na kwingine kwingi. Watu wakafurahi kama wamepata harusi. Uriri walipima kuku, kofia na watoto wachanga. Isebania wabeba mizigo walijipima wao wenyewe, mzito zaidi akanunuliwa soda. Oyugis mambo yalianza vizuri pia, mpaka Cate, mwalimu wa chekechea, aliponunua maharagwe kwa Mama Nyongeza na kuupitisha mfuko wake pale langoni.

Kioo kikasema: 2.000.

Cate akakipangusa kioo kwa leso. 2.000. Akautoa mfuko, akauweka upande ule mwingine. 2.000.

"Na nyongeza yangu?" akaiuliza mashine.

Nyuma yake alikuwepo mzee aliyenunua kilo mbili kwa Maranga. Akaweka wake. 2.210. Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Maranga! Maranga aongeze, halafu Mama Nyongeza asiongeze? Wakaita wengine. Kila aliyenunua kwa Maranga alipata namba ya kupita. Wa kwa wauzaji wengine, ya kupita. Wa kwa Mama Nyongeza, 2.000 kavu. Soko halikuhitaji mkutano kutoa hukumu. Mashine ni mbovu. Si mbovu tu, ina roho mbaya, inawabeba wachoyo na kuwachukia wema.

Wakaja kumpa pole Adhiambo. Ebu fikiria! Walimjia wakiwa wamekunja nyuso kwa uchungu, wakimwambia asivunjike moyo.

Adhiambo angeweza kusema ukweli hapo hapo. Badala yake akatikisa kichwa polepole, akashika tama, akasema, "Yawa, hata mimi nashangaa. Labda hiyo kitu haijazoea maharagwe ya Isebania."

Maneno hayo, mtu wangu, ndiyo yaliyomponza Abdikarim. Yaliruka kutoka kinywani mwa Mama Nyongeza, yakatua Uriri, yakafika Migori mjini yakiwa yamenenepa: mashine inakataa maharagwe. Kila soko likakuta mashine yake nayo ina dosari, kwani kila mfuko ulisoma kitu tofauti na kile kilicholipiwa. Wauzaji wakaulizwa na Idara, mmoja mmoja, "Unauza kilo ngapi?" Nao wakaapa kwa Biblia na kwa makaburi ya wazee wao kwamba ni mbili, mbili kamili. Hakuna aliyedanganya. Nyongeza hawakuitaja kwa sababu hawakuulizwa habari ya nyongeza.

Idara ikamtuma mtaalamu, kijana mmoja aitwaye Cliff, aliyevaa tai hata kwenye jua lile. Akaja na sanduku la vyuma vya kupimia, akaviweka mashineni kimoja kimoja kwa glavu nyeupe. Vyote vikasoma sawa kabisa. Akanunua maharagwe sokoni, akapima, yakazidi. Akanunua kwa Mama Nyongeza, hayakuzidi. Cliff akakuna kichwa, akarudi ofisini, akaandika ripoti ambayo wakili wa Idara aliisoma baadaye mahakamani bila kucheka: mashine hizi zinapima vyuma kwa usahihi, lakini zinashindwa na chakula; na serikali haikununua mashine za kupimia vyuma.

Idara ikamshtaki Abdikarim. Arudishiwe mashine zake zote, na yeye arudishe kila alicholipwa. Mashine ya Oyugis ikavikwa gunia la nailoni kichwani, ikabaki pale langoni kama mtu aliyefanya aibu.

Abdikarim akakonda. Akishindwa kesi, duka linaondoka, na nyumba iliyo nyuma ya duka, na jina la babake. Shemeji zake wa mbali walishamwambia afunge aende kwao akaanze upya. Jioni moja alivuka barabara, akaketi juu ya debe karibu na Adhiambo.

"Mama," akasema, "mimi si mtu wa kuuza vitu vya uongo. Wewe umenijua tangu nikiwa na kamasi. Niambie ukweli tu. Mashine yangu ina nini?"

Adhiambo akalitazama gunia lake. "Abdi, vitu vya umeme..." akasema. Akampa mfuko wa maharagwe aende nao nyumbani, na hata pale, mwanamke huyu, mkono wake ulipunguza kwanza kabla ya kuongeza. Alijichukia, na bado hakutaka kusema. Mtu mwenye jina moja tu zuri maishani halitupi hivi hivi.

Na unafikiri shahidi mkuu wa Idara alikuwa nani? Nani mwingine! Barua ikaja kumwita Bi. Dorine Adhiambo mahakamani Homa Bay, athibitishe kwamba yeye huongeza na mashine haioni. Soko likashangilia. Akina mama wakamchangia kitenge kipya, wakamsuka nywele, wakakodi gari zima wamsindikize. Hata Maranga aliitwa, lakini yeye hakushonewa kitu.

Chumba cha mahakama kilijaa pomoni. Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani puani na subira ndogo. Mashine iliwekwa mezani mbele yake, imevuliwa gunia, namba zake za kijani zikiwaka. Pembeni yake zikatundikwa mizani ya Adhiambo na ya Maranga, na chini yake magunia mawili ya maharagwe. Abdikarim alikaa mbele, kofia yake ya kufumwa ikiwa magotini, anaikunja na kuikunjua.

Wakili wa Idara, Bwana Mokaya, alikuwa mtu wa kuvuta suruali juu kila baada ya swali. Akamwita Adhiambo kizimbani.

"Mama, wewe sokoni unaitwa nani?"

"Mama Nyongeza."

"Kwa nini?"

"Watu ndio waliniita."

"Kwa sababu ya ukarimu wako!" Mokaya akammalizia, na nyuma kule akina mama wakapiga makofi mpaka hakimu akagonga meza. "Mheshimiwa, naomba mashahidi hawa wawili wauze maharagwe hapa hapa, kama wanavyouza sokoni. Korti ijionee yenyewe."

Hakimu akakubali. Maranga akatangulia. Akapima kilo mbili, akangoja mshale mpaka watu wakaanza kukohoa, akamimina, akarusha nyongeza, harage moja likaruka likamgonga Mokaya kwenye tai. Mfuko ukawekwa mashineni. 2.210.

Kisha Adhiambo. Mkono wake wa kulia haukujua habari ya mahakama, ulijua kazi yake. Ukamwaga kwa kishindo, mshale ukaruka, ukadaka sahani. "Imepita hata!" kinywa kikasema chenyewe. Akamimina. Akazamisha mkono, akauinua juu. Akina mama wakasema "Aaah!" kwa pamoja, kama kanisani. Mfuko ukawekwa.

2.000.

Mokaya akavuta suruali juu kwa ushindi. "Mheshimiwa, korti imeona! Mama huyu ameongeza mbele ya macho yetu sote. Mashine imekataa. Mwenzake asiyejulikana kwa lolote jema, mashine imempa. Hii si mashine ya kupima, hii ni mashine ya kupendelea!"

Watu wakapiga kelele. Wakili wa Abdikarim akaanza kukusanya karatasi zake, kwani hata yeye aliiona nyongeza ile kwa macho yake. Abdikarim aliivaa kofia yake kichwani taratibu, akaiweka sawa, kama mtu anayejiandaa kutoka ndani ya nyumba na kuiacha. Adhiambo alimwona. Akaliona lile baraza na mabati, na magunia yakinyeshewa nje, na yeye mwenyewe amekaa pale chini ya mvua na jina lake zuri.

Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nipime tena."

"Kwa nini?" Mokaya akauliza, akiwa bado anatabasamu.

"Mara hii bila nyongeza."

Mokaya akaanza kusema haina haja, hakimu akamnyamazisha kwa kidole. Adhiambo akamwaga, akadaka sahani, akamimina kwenye mfuko. Hakurudisha mkono kwenye gunia. Akauweka mfuko mashineni yeye mwenyewe.

1.860.

"Na Maranga apime bila nyongeza," akasema.

Maranga akapima, akangoja, akamimina, akasimama na mkono hewani hajui aufanyie nini, kwani haujawahi kubaki mtupu. Mfuko ukawekwa. 2.000.

Hakimu akavua miwani. Akaitazama mashine, akamtazama Maranga, akamtazama Adhiambo. Naye hununua maharagwe, bila shaka. "Mama," akauliza polepole, "kwa hiyo ile nyongeza unayotoa..."

"Ilikuwa yao tangu mwanzo, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti ya juu. Kisha chumba kizima kikalipuka. Akina mama waliomshonea kitenge hawakucheka. Walikuwa wakihesabu kichwani kila kilo waliyowahi kununua, na vinywa vyao viko wazi. "Wololo!" mmoja akasema. "Na alinitumia salamu kwa watoto!" Cliff mtaalamu alikuwa ameinama, anaandika kwa kasi kama anayetaka ajifiche ndani ya karatasi.

Chumba kilipotulia, hakimu alisema mashine ni nzima, haina lawama, na kesi ya Idara imeanguka. Akaeleza kwamba kwenye masoko ya Migori na Homa Bay kuna konzi moja ambayo kila mtu anaitoa na hakuna anayeihesabu, na Idara ingeuliza tu ingeambiwa. "Na kwa mujibu wa sheria ya vipimo," akaongeza, akimtazama Adhiambo, "aliyelipiwa kilo mbili anatakiwa kutoa kilo mbili. Shahidi huyu ndiye peke yake sokoni anayetii. Wengine wote mnazidisha."

Sifa ya namna hiyo ikusaidie nini? Gari la kumsindikiza lilirudi Oyugis bila yeye. Abdikarim ndiye aliyempakia kwenye pikapu yake, mmoja amepona, mwingine ameumia, na kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake.

"Mama, asante," akasema walipofika.

"Nyamaza, Abdi," Adhiambo akamjibu, na machozi yakamtoka.

Siku ya soko mashine ilikuwa imerudishwa langoni bila gunia, na habari ilikuwa imefika kabla ya Adhiambo. Walimpa jina jipya, Mama Pointi Sifuri, na watoto walikuwa wakiliimba. Vijana walipita mbele yake wakizamisha mikono hewani mpaka kwenye viwiko, wakiinua ngumi tupu na kuchekana. Kwa Maranga foleni ilizunguka mpaka kwa wauza nyanya. Maranga hakujua kupendwa. Watu walimshukuru, akakasirika. Mama mmoja akamkumbatia, akaacha kuuza kwa muda mrefu akiwa anapangusa shati. Adhiambo alikaa nyuma ya gunia lake lililojaa, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe alijiona mjane.

Alikuwa akifikiria kufunga aende nyumbani Cate alipokuja. Hakuja kwa mapenzi. Alikuja kwa sababu kengele ya shule ilikuwa karibu na foleni ya Maranga haisogei.

"Kilo mbili," akasema, akitazama kwingine.

Adhiambo akamwaga taratibu. Akangoja mshale. Ukaruka, ukarudi, ukatikisika, ukasimama juu ya mbili kabisa, na yeye akaendelea kungoja. Akamimina. Cate alikuwa ameushika mfuko wazi, kwa mazoea, kama alivyoushika miaka yote. Kisha akakumbuka. Akaanza kuufunga.

Kule kufunga ndiko kulikomchoma Adhiambo kuliko vicheko vyote. Kwani wewe ungevumilia?

"Ngoja," akasema.

Akauzamisha mkono kwenye gunia. Mkono uligoma. Wallahi uligoma, kama punda kwenye daraja, ukasimama ndani ya maharagwe ukiuliza tunafanya nini hapa, hatukupunguza kitu. Akaulazimisha. Akatoa konzi, akaitia mfukoni mwa Cate, bila kicheko wala salamu. Maneno yote yalikuwa yamemkimbia. Kisha akachota nyingine akaongeza juu.

Cate akachungulia mfukoni kwa shaka. "Mama, usikasirike," akasema. "Wacha nipitie kwa mashine."

"Pitia."

Nusu ya soko ikaacha kazi ikamfuata. Adhiambo alibaki ameketi, akiwaona migongo tu. Alitaka kuiona namba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Pale langoni mfuko ukawekwa.

"Mbili pointi tatu moja sifuri," Cate akasoma.

Wakatazamana. Kisha Maranga, aliyekuja akiwa bado ameshika nyongeza ya mteja wake mkononi, akainama akakitazama kioo kwa karibu, akainuka.

"Dorine? Pointi tatu?" akasema. "Hapana. Hii mashine imekufa."

"Imekufa!" soko likaitikia. "Imekufa kabisa! Iitwe Idara!" Na kijana mmoja tayari alikuwa ameshatoa simu.

Abdikarim alitoka dukani mwake mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye kaunta. Hakwenda langoni. Alivuka moja kwa moja mpaka kwa Adhiambo, akapiga magoti mbele ya gunia.

"Mama, nakuomba, kwa jina la Mungu, usiongeze tena! Watanirudisha kortini! Pima kama zamani, Mama, pima vile unajua!"

Adhiambo alimtazama. Kicheko na kilio vilimjia pamoja, vikapigania koo lake, na kicheko kikashinda. Alicheka mpaka kitambaa cha manjano kikamdondoka. Alipoinua uso, Cate alikuwa amerudi kutoka langoni, amesimama pale na mfuko wake kifuani. Nyuma yake alikuwa amekuja mama mwingine, anaufungua wake.

"Abdi," Adhiambo akasema, akijipangusa macho, "jina langu lote nililiacha kule Homa Bay kwa ajili yako. Kama ni kortini, tutaenda tena, mimi nitakulipia soda. Sasa ondoka mbele ya gunia, kuna mtu anangoja."

Akapima, akangoja mshale ukasimama, akamimina, akazamisha mkono. Abdikarim akafumba macho.